Siku Bi Mkasi Aliponyunyizia Nyanya

Mtaani walimwita Bi Mkasi kwa sababu mkasi haukumtoka kiunoni. Aliufunga kwa utepe, ukawa unaning'inia ubavuni mwake hata anapokwenda kuchota maji. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba wa maneno machache na mkono mwepesi, na kwa miaka mingi alikaa barazani pake akishona sare za shule, akipunguza suruali za wazee waliokonda na kupanua za vijana walionenepa. Mumewe alikuwa seremala, naye watu hawakujisumbua kumtafutia jina jingine. Walimwita Seremala, basi. Karakana yake ilikuwa upande mmoja wa ua, jiko upande wa pili, na nyuma ya ukuta wa jiko, pale jua lilipopiga tangu asubuhi hadi alasiri, Bi Mkasi alipanda nyanya.

Si zile ndogo za kutupia kwenye sufuria. Zake zilikuwa za mbegu chotara, kubwa kuliko ngumi ya mwanamume, nyama tele na mbegu chache, na kipande kimoja kilifunika mkate ukingo hadi ukingo. Mbegu za nyanya hizo hazirudiwi. Ukikausha za mwaka huu ukazipanda mwaka ujao, utapata watoto wasiofanana na mama yao. Kwa hiyo kila msimu alinunua pakiti mpya, akasia kivulini, na miche ilipofika shibiri akaihamisha, akilifukia shina mpaka karibu na majani ili litoe mizizi mingi. Kila mche ulikuwa na mti wa kuegemea uliochongwa na Seremala, ukafungwa kwa vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji. Ukiitazama kwa mbali ungedhani ni wanafunzi wamepanga mstari, kila mmoja na sare ya shule yake.

Alizijua nyanya zile kama mtu anavyojua tabia za wanawe. Alinyonyoa machipukizi ya pembeni yakiwa bado madogo kama kidole cha mtoto. Kwenye kila kichala aliacha matunda machache, mengine akayaondoa, ili yaliyobaki yanenepe. Alimwagilia chini, si juu ya majani, tena kila asubuhi bila kuruka, maana nyanya kubwa ikipata maji leo ikanyimwa kesho huoza kitako au kupasuka. Majirani walikuja kuziona, na wengi walirudi na moja mkononi.

Lakini mwaka ule Bi Mkasi alikuwa na siri, na siri yenyewe ilikuwa machoni.

Ilianza na taa. Kila taa aliyoitazama ilikuwa na pete kuizunguka, kama mwezi wa masika. Kisha milango ikaanza kumgonga bega, kana kwamba miimo yake imesogea. Kisha maandishi madogo yakawa kama mchanga uliomwagika kwenye karatasi. Hakumwambia mtu. Alijua wanavyosema, kwamba mficha maradhi kilio humfichua, lakini alikuwa anaogopa kitu ambacho methali haikumwondolea. Mama yake mzazi alikufa kipofu. Miaka ya mwisho mama huyo alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, na kila upepo ulipogusa mlango aliuliza, "Ni nani hapo?" Mchana kutwa aliuliza. Mara nyingi hapakuwa na mtu. Bi Mkasi, msichana wakati ule, alichoka kujibu, akawa anapita kwa ncha za vidole ili asiulizwe.

Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimrudia sasa, akiwa ameinamia cherehani: ni nani hapo, ni nani hapo.

Basi akajifunza ujanja. Sindano alimpa mkamwana wake amtungie. Huyu alikuwa mke wa mwanawe, binti mcheshi mwenye mimba kubwa ya kwanza, aliyekuja kukaa nao kwa kuwa mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, leo yuko huku, wiki ijayo hajulikani aliko. "Nitungie hizi, mwanangu, wewe una vidole vya kijana," alikuwa akisema, na binti alitunga sindano nyingi kwa mpigo na kuzichomeka kwenye mto mdogo. Nyanya mbivu alizitambua kwa kuzibonyeza na kuzipima uzito kiganjani. Na vitu vya nyumbani alivijua kwa mahali vilipokaa. Ndani ya karakana palikuwa na rafu ndefu. Mwanzo wake, mkono wa kushoto, ilikaa chupa ya dawa ya ukungu wa nyanya. Ikafuata mbolea, kisha makopo ya misumari na gundi, na mwisho kabisa, karibu na dirisha, dawa ya mchwa ambayo Seremala aliipaka kwenye mbao za paa. Aliweza kuingia mle amefumba macho, akatoka na anachokitaka.

Msimu ule mvua ilikawia kuondoka. Ilinyesha siku kadhaa mfululizo, na ilipokatika Bi Mkasi alipapasa majani ya chini akakuta yana sehemu kavu zinazovunjika kama karatasi.

"Hebu nitazamie haya," alimwambia mkamwana, kama mtu anayetaka tu mazungumzo.

"Yana madoa ya kahawia, mama. Yana pete pete ndani yake."

"Nilijua. Ni ukungu huo. Nitaupiga dawa kesho."

Kesho yake aliamka mapema. Mkamwana alikuwa bado amelala, maana mimba ilimfanya mzito asubuhi, na Seremala alikuwa ametoka kupima dirisha la mteja. Bi Mkasi aliingia karakana, akanyoosha mkono wa kushoto mwanzo wa rafu, akashika chupa. Ilikuwa na umbo lilelile na kifuniko kilekile cha kuzungusha. Akachanganya na maji kwenye bomba la kunyunyizia, akapita mche hadi mche, juu na chini ya majani, na matone yakateleza kwenye mashavu ya nyanya zilizokuwa zimeanza kuiva.

Harufu ilikuwa kali kuliko alivyoizoea. Ilimkwama kooni, akakohoa. Alisimama kidogo, bomba mkononi, na kitu ndani yake kikamwambia aipeleke chupa ile kwa mtu amsomee. Lakini mtu gani, na atamwambiaje? Ukungu hautolewi kwa manukato, alijiambia, akaendelea mpaka mche wa mwisho. Kisha akanawa mikono, akachukua mapazia ya mteja aliyekaa mtaa wa pili, akaondoka. Alihesabu kwamba angerudi kabla binti hajaamka, amwambie asiguse nyanya kwa siku kadhaa, kama alivyomwambia kila anaponyunyizia.

Mteja alikuwa mtu wa maneno. Alitaka mapazia yatundikwe, kisha akataka moja lifupishwe. Jua lilikuwa limepanda Bi Mkasi aliporudi, na alimkuta mumewe amesimama mlangoni mwa karakana ameshika chupa.

"Mke wangu, nani ameitumia dawa yangu ya mchwa? Imebaki nusu."

"Si iko mwisho, dirishani?" alijibu bila kufikiri.

"Ilikuwa dirishani. Jana jioni nilipanga rafu, nikaona jua linaipiga bure, nikaileta huku mwanzo. Ile yako ya ukungu nimeiweka chini, kwenye kreti."

Aliinua kiganja puani kama mtu anayejipangusa jasho, na chini ya sabuni aliikuta harufu ile, bado ipo.

Na hapa ndipo alipofanya jambo ambalo lilimuuma kuliko yote baadaye. Wazo lake la kwanza halikuwa nyanya. Lilikuwa: nikisema, wataniuliza kwa nini sikusoma. Akafungua mdomo, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Labda imevuja."

Seremala aliigeuza chupa chini juu. "Haivuji hii," alisema, akarudi ndani kutafuta sehemu iliyolowa.

Bi Mkasi alikwenda nyuma ya jiko. Alijipa moyo: nitazichuma zote sasa hivi, nizifukie, hakuna atakayejua. Alianza na mche wa karibu na mlango wa jiko, ule uliotangulia kuiva. Mkono ukashuka kwenye kichala cha chini, mahali alipokuwa na nyanya kubwa kuliko zote, aliyoishika asubuhi ileile. Vidole vikagusa kikonyo kitupu. Kilikuwa bado kinatoa maji.

Aliingia jikoni akishika ukuta. Mkamwana alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, miguu ameinyoosha, kisu na sahani mapajani.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Nyanya, mama. Mtoto huyu tangu nimeamka ananitaka nyanya, hasikii la mtu. Karithi kwa bibi yake."

"Uliiosha?"

"Niliifuta kwenye gauni. Ilikuwa na umande."

"Haukuwa umande," Bi Mkasi alisema. Akakaa sakafuni mbele ya binti, akamshika magoti. "Nisikilize. Nimekosea chupa. Nimenyunyizia dawa ya mchwa. Umekula yote?"

Binti alimtazama kana kwamba hajaelewa lugha. Kisha mkono wake ukaenda tumboni. "Nusu," alisema polepole. "Nusu nyingine nimempa Mwalimu. Alipita kunijulia hali."

Seremala alikuwa mlangoni, amesikia. Aligeuka akatoka mbio, mzee yule ambaye kwa kawaida hakuharakishwa hata na moto, kwenda kwa jirani mwenye gari.

"Nenda kwa Mwalimu, mama," binti alisema. Paji lake la uso lilikuwa limeanza kung'aa jasho. "Nenda, mimi niko hapa."

Mwalimu alikuwa mstaafu aliyeishi peke yake nyumba ya pili, mzee mzito wa masikio. Bi Mkasi aligonga mlango, akagonga tena kwa ngumi, akaita. Kimya. Akazunguka dirishani, akabandika uso kwenye kioo. Ndani kulikuwa na giza, na katikati ya giza kile kiti chake cha mikono, na kitini palikuwa na kitu. Kilikuwa na mabega. Kilikuwa kimeinama upande mmoja, na hakikutikisika hata alipopiga kioo. Alikaza macho mpaka yakauma. Hakuweza kujua kama ni mtu au si mtu. Alisimama pale akimtazama jirani aliyemuua, au hakumuua, na macho yake yakakataa kumwambia.

Aliusukuma mlango, haukuwa na komeo. Alivuka chumba mikono mbele, akagonga meza, akafika kwenye kiti. Alinyoosha kidole kwanza, kama anayegusa pasi kujua kama ina moto. Akagusa kitambaa. Akakibana, na ndani yake hapakuwa na kitu. Lilikuwa koti.

"Unatafuta nini kwenye koti langu?" mtu aliuliza nyuma yake.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, nusu ya nyanya kwenye kisahani, na pakiti ndogo ya karatasi mkono wa pili. "Chumvi imeniishia," alisema. "Nimekwenda kuazima. Nyanya kama hii huili bila chumvi, ni kuikosea heshima."

"Umeionja?"

"Eti?"

"Umeionja, Mwalimu?" alimpigia kelele sikioni.

"Nitaionjaje bila chumvi?"

Akampokonya kisahani. Mwalimu alishangaa, kisha akaudhika, kisha alipomwona analia akaweka chumvi chini na kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Bi Mkasi alimwambia ina sumu, anawe mikono kwa sabuni, tena anawe. Nje honi ya gari ilikuwa ikilia.

Njiani mkamwana alitapika mara mbili dirishani. Mate yalimjaa mdomoni, akawa anayafuta kwa mtandio, na kila baada ya muda mfupi alisema, "Anacheza. Bado anacheza." Kisha kwa kitambo hakusema. Bi Mkasi alikuwa amemkumbatia kwenye kiti cha nyuma, na kitambo kile kilikuwa kirefu kuliko safari yote. Hakuthubutu kuuliza.

Zahanatini walipokelewa na muuguzi wa makamo, mwanamke wa sauti ya chini ambaye mikono yake ilitangulia maneno. Alimlaza binti, akamvua gauni lililogusana na dawa, akammulika machoni kwa tochi, akamwita tabibu. "Ni dawa gani?" aliuliza. "Mmekuja na chupa?"

Seremala aliitoa mfukoni, akampa mkewe aliyekuwa karibu zaidi na kitanda, akatolewa nje pamoja na jirani mwenye gari.

"Nisomee jina la dawa na kilichomo," muuguzi alisema. Alikuwa amemwinamia binti, anatafuta mshipa. "Yameandikwa chini, kwa herufi ndogo. Haraka, mama, tabibu anataka kujua sumu ya aina gani."

Bi Mkasi aliinua chupa. Akaisogeza karibu na pua, akaipeleka mbali, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mchanga. Mchanga mweusi juu ya karatasi nyeupe. Alisikia pumzi za binti, fupi fupi, na alisikia tone la maji kwenye sinki. Aliweza bado kusema miwani ameisahau. Neno hilo lilikuwa limefika ulimini.

"Sioni," alisema.

"Sogea kwenye taa."

"Hata kwenye taa. Sioni kabisa. Ndiyo maana nimekosea chupa asubuhi, sioni."

Mkamwana aligeuza kichwa kwenye mto, akamtazama. Bi Mkasi hakuweza kuuona vizuri uso ule, na alishukuru kwa hilo, na akajichukia kwa kushukuru.

Muuguzi aliichukua chupa, akaisoma kwa sauti, na tabibu akaagiza sindano. Kisha muuguzi akashika kile kikombe kirefu cha kusikilizia mtoto, akakiweka tumboni, akatega sikio. Akakihamisha, akatega tena. Akakihamisha tena. Bi Mkasi alikuwa ameushika mkasi wake kiunoni kwa nguvu mpaka ukamtoboa kiganja, na hakujua mpaka jioni.

"Huyu hapa," muuguzi alisema mwishowe. "Moyo unakwenda mbio, lakini unakwenda. Leo harudi nyumbani, tutamwangalia."

Nje, kwenye benchi, Seremala alisikia yote kutoka kwa mkewe, tangu pete za taa mpaka sindano za kutungiwa. Alikuwa akisugua magoti kwa viganja, kama anayepiga randa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana."

"Na mimi ndiye niliyehamisha chupa."

"Uliihamisha kwa kuwa hukujua. Na hukujua kwa kuwa sikusema."

Hakumbishia. Pengine angembishia ingekuwa nafuu. Akauinua mkono wake mmoja mbele ya uso wa mkewe, akausogeza taratibu kuelekea upande. "Niambie unapopotea," alisema. Ulipotea mapema, mapema mno, na aliposikia neno "umepotea" mzee yule aliuacha mkono hewani, hajui pa kuuweka.

Mwana wao alipiga simu kutoka safarini. Hakufoka. Aliuliza maswali kwa sauti ndogo, moja baada ya jingine, na mama yake aliyajibu yote. Sauti ndogo ile ilimtisha kuliko kama angepigiwa kelele.

Mkamwana alitoka siku ya pili, amedhoofika lakini anatembea. Seremala aling'oa mimea yote, ya kijani na yenye matunda, akachimba shimo refu mbali na kisima, akafukia. Dawa yenyewe aliiondoa nyumbani kabisa. Bi Mkasi alisimama jikoni akisikiliza mashina yakivunjika. Hakutoka kuangalia.

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, alisema, na matone haya yatalinda kilichobaki, ukiyatia kila siku bila kuruka. "Ungekuja mapema," aliongeza, si kwa kukemea, lakini Bi Mkasi alirudi na maneno hayo nyumbani kama mtu aliyerudi na mwiba mguuni.

Mtoto alizaliwa wakati wake, wa kike, mzima, mwenye sauti iliyofika mtaa wa pili. Watu walifurahi. Bi Mkasi alifurahi pia, lakini furaha yake ilikuwa imelalia upande mmoja. Mtoto akikohoa, alisimama. Mtoto akilala sana, alikwenda kumwekea kiganja kifuani. Alipochelewa kukaa, Bi Mkasi hakula siku mbili, na alipokaa, akaanza kuogopa asichelewe kutambaa. Muuguzi aliwaambia mtoto hana kitu. Alimwamini, na bado aliogopa. Kuamini ni kwa kichwa, na hofu yake haikukaa kichwani.

Msimu uliofuata alisema hatapanda tena. Ni mkamwana aliyeleta pakiti ya mbegu, akaiweka juu ya cherehani. "Mimi nitasoma, wewe utapanda," alisema. Walifanya hivyo. Majani yenye madoa waliyakata kwa mkono, na hawakunyunyizia kitu. Mimea kadhaa ilikufa. Iliyobaki ilizaa nyanya kubwa, nyingine zimepasuka mabegani, lakini nzito na tamu.

Bado huenda kwa daktari wa macho kila baada ya miezi michache, na siku mbili kabla ya kwenda hapati usingizi. Hushona kidogo, mishono iliyonyooka tu. Jioni hukaa barazani na mjukuu mapajani, na akisikia hatua uani ulimi humwasha kuuliza ni nani, lakini huubana, husubiri mtu aseme mwenyewe.

Wakati wa nyanya kuiva, mkamwana huzichuma, huingia nazo jikoni. Bi Mkasi husikia bomba linafunguliwa. Maji hutiririka kwa muda mrefu, muda mrefu mno kwa nyanya moja, kisha hufuata sauti ya kisu kikimenya ganda. Husubiri mpaka sahani iletwe, naye hula kipande cha kwanza yeye, kabla mtu mwingine hajagusa.